Honi ya Manowari na Jina la Msumari

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa acha kutazama saa, maana safari ni yangu na mimi mwenyewe sina haraka. Kichwa bado kinafanya kazi, namshukuru Mungu. Kifua tu ndicho kimenigomea, kwa hiyo asinikatishe mtu.

Honi zilizoko karakanani ni kumi na moja, zote za manowari zilizokatwa zikawa vyuma chakavu, na hakuna hata moja niliyoikuta inalia. Moja ilikuwa na kiota cha ndege, nyingine zimeshikwa na kutu hadi nati zimesahau kufunguka. Miaka arobaini zimenipa furaha. Mama yenu, Mungu amrehemu, alinikuta nachemsha vali kwenye sufuria yake ya chai, akanuna siku tatu, ya nne akaninunulia sufuria yangu. Mke wa namna ile mtu hapewi mara mbili. Nanyi mmenilea kama yai. Asanteni, nalisema mkiwa mnasikia.

Karakana namwachia binti yangu wa kati, kwa kuwa ndiye mwenye mkono na subira. Nyumba gawaneni watatu, na kitinda mimba asionewe kwa kuwa ni mpole.

Sasa lililonifanya niwaite. Mnamjua Msumari, fundi mwenzangu wa zamani, na mmekua mkiambiwa kwamba ndiye aliyeiharibu ile honi kubwa kuliko zote. Si kweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imefika miaka kumi na tisa.

Ndani ya honi kuna kiwambo, kibati chembamba kinachotetemeka upepo ukipita. Unene wake ndio sauti yake. Ukikipunguza kiasi cha unywele, umeua sauti ya meli. Tulikubaliana hakisuguliwi. Msumari akaenda kumzika dada yake, nikabaki na kile kibati chenye madoa, na kesho yake wanamaji wastaafu walikuwa wanakuja kuisikia honi ya meli yao. Nikataka king'ae. Nikashika msasa, na kilipong'aa nikafurahi kama mjinga. Wazee wa watu wakaja na suti na medali zao, tukafungulia upepo, honi ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mmoja wao alitokwa na machozi. Wakauliza nani amekigusa kiwambo, nami nikasema Msumari, kabla hajasafiri.

Alirudi kutoka msibani akakuta hana kazi wala jina. Hakubisha. Mimi nikaendelea kuitwa bingwa.

Wiki iliyopita alikuja kunijulia hali, nikamwambia yote. Akasema alijua tangu siku aliyorudi kutoka msibani, maana mikwaruzo ya kiwambo ilikuwa ya mviringo, na yeye husugua kwa kwenda na kurudi. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu, “Wewe ulikuwa na watoto watatu shuleni. Mimi nilikuwa na tumbo langu tu.” Kisha akanifunika miguu vizuri. Wanangu, mmesoma kwa ukimya wa mtu huyo, na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mshukuruni kama mnavyonishukuru mimi, na zaidi.

Honi ile kubwa ni yake, na ufunguo wa pili wa karakana ni wake. Binti yangu, umpelekee kwa mikono miwili. Lakini jina la mtu halirudishwi kwa ufunguo. Siku ya kunizika, wale wanamaji waliobaki watakuja. Mkubwa, kabla mtu hajanisifu, simama useme: baba yetu ndiye aliyekisugua kile kiwambo, akamsingizia Msumari. Usitafune maneno. Naona unatikisa kichwa. Unaona aibu kumvua baba yako nguo mbele za watu, nami nakupenda kwa hilo, lakini aibu ni yangu, wewe ni mdomo tu. Kama huwezi, usilibebe jeneza langu.

Binti yangu, nipe maji kidogo... asante, mama. Mungu awape kazi za mikono yenu, awape usingizi usio na siri, na watoto wenu wawatunze kama mlivyonitunza. Radhi zangu mnazo, nyote watatu.

Haya, mkubwa. Sema sasa, mbele ya ndugu zako, nisikie... Baba yetu ndiye... Ndiyo. Endelea... Jina lake pia, litaje... Asante, mwanangu. Rudia tena... paza sauti... mbona sikusikii.