Wimbo Usiomtaja Mtu

Tangu basi litoke Shinyanga, mwalimu aliyekaa mbele ya Lusia alikuwa akimlalamikia mama mmoja asiyemjua. "Mama, nimetafsiri mwenyewe wimbo wa Mwingereza, mtunzi wa tamthilia, fundi wa vichekesho. Wimbo wenyewe unawacheka wenye majivuno. Nikampa manju wetu autie mapigo ya ngoma, wanafunzi wauimbe kesho kwenye mahafali. Si kachomeka jina la mkuu wa shule!"

"Sasa bila jina mnamcheka nani?"

"Hatumcheki mtu! Tunacheka majivuno."

"Basi huyo Mzungu wako mwoga."

"Siyo woga, ni ustaarabu!" Mwalimu akauimba ubeti wote kwa mara ya tatu, akaueleza utani wake mstari kwa mstari. Lusia, aliyecheka mara ya kwanza, sasa alitamani kuziba masikio.

Basi liliposimama Mhunze, mama akabeba kapu lake. "Kwani wewe mwalimu unaitwa nani?"

"Sostenes," akajibu, akiweka tai sawa.

Mama akashuka akiuimba ubeti uleule, na jina la Sostenes ndani yake. Konda akaitikia. Lusia, Mungu amsamehe, naye akaitikia.