Mchezo Una Miguu

"Mchezo hauna miguu. Ulioanzia Garsen umalizikie Garsen, na wa Tarasaa ubaki Tarasaa."

Maneno hayo si yangu, Bwana DO, wala si ya mlevi wa njiani. Aliyeyasema ni Mwalimu Nehemiah Komora, mwenyekiti wa kamati yetu ya soko, katika kikao cha wiki iliyopita. Amekaa pale mstari wa mbele, mikono kifuani, akisubiri nianze. Basi naanza, Mwalimu.

Bwana DO wa tarafa yetu, Chifu wetu, Sheikh na Mchungaji mliokubali kukaa benchi moja, Mama Kadii mwenye nyumba na mwenye sherehe, Bwana Galma uliyekuja kutoka Garsen, wazee wa kijiji cha Wema, akina mama, na nyinyi vijana mliojazana dirishani mkidhani sijawaona: salamu kwenu nyote. Mimi ni Asenath Hiribae, yule mnayemwita Mama Gazeti kwa sababu ya barua zangu kwa wahariri. Nimeombwa nikifungue chumba hiki cha michezo ya video kwa maneno machache. Aliyeniomba hanijui vizuri.

Kwa wazee ambao hawajaingia ndani, nieleze. Kuna mashine inayounganishwa na runinga. Kijana anashika kidude chenye vitufe, anabonyeza, na wachezaji wa mpira wanakimbia kwenye kioo kama anavyotaka yeye. Pembeni mwa mashine hiyo huchomekwa kadi ndogo ya kuenea kiganjani, na kadi hiyo inakumbuka mchezo ulipofika. Ukiichomoa leo na kuichomeka kesho katika mashine nyingine ya aina ile ile, mchezo unaendelea pale pale ulipoachwa. Bwana Galma ana mashine hiyo Garsen. Mama Kadii ameleta mashine dada yake hapa Tarasaa. Na kamati yetu tukufu inataka kupitisha sharti Ijumaa hii kwamba kadi isitoke chumba ilimoanzia!

Mnajua sharti hilo litamuumiza nani? Dukicha, Isaac, simameni wanangu. Msione haya.

Dukicha anachunga ng'ombe wa baba yake. Isaac analima Wema. Hawa wawili wana timu moja, ndani ya kadi moja. Isaac anasajili wachezaji, Dukicha anapanga mashambulizi, na wakikosana kuhusu golikipa, Garsen nzima inasikia. Wameitoa timu hiyo daraja la chini kabisa, sasa wamebakiza fainali. Lakini majani ya upande wa Garsen yamekwisha, na ng'ombe wa Dukicha wanahamia huku. Sharti likipita, fainali itabaki imefungiwa kwenye saraka ya Galma, na hawa wawili wataambiwa waanze upya, kila mmoja na timu yake, kila mmoja na upande wake.

Na si kwamba hawajawahi kupoteza. Kadi yao ya kwanza waliiua wenyewe. Dukicha aliogopa isiibwe, akafanya kile ambacho ukoo wao umemfanyia kila ndama tangu enzi za mababu: akapasha chuma moto, akaipiga chapa. Nilikuwapo dukani kwa Galma siku ile. Moshi ukapanda, plastiki ikakunjamana, na Isaac akashika kichwa.

"Dukicha! Umechoma kombe letu!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ndama hulia kidogo, halafu hunyamaza."

Galma akadakia nyuma ya kaunta, "Huyu naye kanyamaza, ndugu yangu. Kanyamaza moja kwa moja."

Chekeni, chekeni. Hata mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kadi ya pili imechorwa alama ile ile kwa hina, na Mumina, dadake Dukicha, na iko hai. Lakini mkimaliza kucheka, niambieni: ni nani kati yetu amewahi kupiga chapa kisima? Ni nani anayepiga chapa nyumba yake? Chapa hutiwa kitu kinachotembea, ili kikifika mbali kijulikane ni cha nani. Kijana yule alikosea moto tu, shabaha hakuikosa. Alijua kuwa mchezo wake una miguu, wakati kamati nzima yenye muhuri na katibu haijui mpaka leo.

Mwalimu, wewe ni mtoto wa mto huu kama mimi. Babu yako alikuwa na shamba ukingoni, na babu yangu pia. Walipanda kila shubiri ya ardhi, ila palikuwa na njia moja ambayo hakuna jembe lililoigusa. Ile ni malka, njia ya ng'ombe kufika mtoni. Mfugaji hakuilima kwa sababu si mkulima, na mkulima hakuilima kwa sababu alikuwa na akili. Ng'ombe wakinywa malka hii leo, na kesho kutwa wakinywa malka nyingine mbali kule kusini, je, walikuwa kundi jingine? Je, walirudi kuwa ndama ili waanze kukua upya? Mmeona wapi!

Umesema, "Ukiruhusu kadi ipite, umeruhusu na ugomvi upite." Hoja hiyo ni nzito, na siidharau, kwa maana sote tunajua ugomvi wa mahali hapa unagharimu nini. Lakini nionyeshe ugomvi mmoja, mmoja tu, ulioletwa na malka iliyo wazi. Ninaoujua mimi ulianza siku mtu alipopanda mahindi njiani.

Bwana Galma naye ana hofu yake, na aliniambia bila kuficha. "Mama Asenath, ng'ombe akishajua maji ya pili, ya kwanza si atayasahau?" Nikamuuliza, "Galma, ng'ombe wako mwenyewe wanajua maji ya mahali pangapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kucheka. Wanarudi, ndugu yangu. Huwa wanarudi kwa sababu hawakufungwa.

Sasa niwaambie ninachokiona mbele, na katibu aandike. Leo kadi hii inakubali mashine za aina moja tu, kwa sababu wanaozitengeneza wanaoneana wivu kama wake wenza. Haitadumu hivyo. Redio yangu na redio ya Sheikh zimetengenezwa na watu wasiosalimiana, lakini saa ya taarifa zote mbili zinasema habari moja. Kitabu nilichokianza Wema hakinirudishi ukurasa wa kwanza nikifika Hola. Kwa nini mchezo peke yake uwe mfungwa? Siku inakuja ambapo kijana ataanza mechi kwenye runinga hapa Tarasaa, aiendeleze kwenye kompyuta huko Hola, na aimalizie kwenye simu ya mfukoni akiwa machungani Nanighi. Naam, kwenye simu! Bwana DO anatabasamu, kwa sababu simu ya ofisini kwake huzungushwa kwa mkono mara kumi kabla ya kumpata mtu Malindi. Aliyesema kwanza kuwa sauti itasafiri bila waya alichekwa vivyo hivyo. Na siku hiyo ikifika, dunia itashangilia kana kwamba imevumbua kitu, nasi tutasema: karibuni, sisi tulikijua kutoka kwa ng'ombe.

Kama tutakuwa hatujaifunga njia wenyewe.

Nimefurahi leo, nisiwafiche. Mwaka wa mafuriko barabara hii ilikuwa maji matupu, na sikudhani nitaiona nyumba mpya hapa haraka hivi, tena yenye vijana wa mto na vijana wa mbuga wakigombea golikipa badala ya kugombea bonde. Mama Kadii, ahsante kwa moyo wako. Mungu akibariki chumba hiki.

Lakini sikuja kushukuru tu, nimekuja kudai. Mwalimu Nehemiah, Ijumaa uliondoe sharti lile kwa mdomo ule ule uliolileta, na useme sababu. Mama Kadii, uipokee kila kadi itakayoletwa na mgeni kama unavyompokea mgeni mwenyewe. Na wewe Bwana Galma, najua kadi yenye alama ya hina iko mfuko wa shati lako, maana Mumina amekuona ukiichukua kwenye saraka asubuhi. Hukuileta Tarasaa ili ipunge upepo. Itoe. Ingia nayo ndani, uichomeke kwa mkono wako mwenyewe mbele ya kamati, fainali ichezwe.

Kwa subira yenu mlionivumilia hadi hapa, wa benchini na wa dirishani, nasema ahsanteni sana. Mama Kadii, washa jenereta.