Dobrila Alituomba Tuseme kwa Mdomo

Dobrila Vučetin alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa Blato, kisiwani Korčula. Mimi, mdogo wake Vicko, nilizaliwa miaka kumi na minne baadaye, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

Alimaliza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1966. Akiwa darasa la sita kilimwanza kipandauso, ambacho hakikumwacha tena.

Tangu 1970 hadi 2001 alishona nguo za kuogelea kiwandani. Upepo wa kusini ukianza, kichwa kilimpasuka. Hakutulia: alifunga madirisha, akayafungua, akalala, akainuka. Kisha alijifunga kitambaa chenye vipande vya viazi vibichi kwenye paji la uso.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Prošper, fundi mwashi, aliyependa kumtania.

"Bibi Viazi, leo tunakula hivyo vya kichwani?"

"Kula soksi zako!"

Jioni moja ya upepo tulicheza karata, wawili kwa wawili, dada akiwa mwenzangu, mchezo ambao mwenzako hukupa ishara kwa uso. Nilipindisha mdomo kumjulisha kuwa nina turufu kubwa. Alizitupa karata zake mezani.

"Unanibeza mbele ya watu, Vicko?"

"Dada, ni ishara! Wewe ndiye uliyenifundisha."

Alinitazama sana. "Kichwa kikiuma, nyuso zenu zote zinafungwa," akasema. "Sijui nani ana hasira, nani anacheka."

Hatukulichukulia kwa uzito. Tarehe 2 Novemba 2006 binti yake wa pekee, Perina, alikuja nyumbani baada ya mimba yake kutoka. Alikuwa hajamwambia mtu. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Upepo ulikuwa ukivuma kwa siku ya tatu.

"Unacheka nini?" dada akamuuliza. "Toka, unanipasua kichwa!"

Perina aliondoka kwa meli iliyofuata, akahamia Rijeka. Baadaye dada alipoambiwa na jirani kuhusu ile mimba, aliandika barua nne. Hazikujibiwa. Tangu hapo, kila aliyeingia kwake siku za upepo aliambiwa, "Sema kwa mdomo. Uso wako leo siuoni." Prošper alifariki mwaka 2009, naye alibaki akizunguka chumba hadi chumba, akichungulia barabara.

Dawa za maumivu za miaka mingi ziliharibu figo zake. Mwezi Januari 2016 nilimpigia Perina simu nikamweleza kuhusu zile karata. Alikuja tarehe 9 Februari. Upepo ulikuwa unavuma, viazi viko kichwani. Alisimama pale pale mlangoni.

"Nani huyo? Sema!"

"Ni Perina, mama. Ninalia. Hata siku ile nilikuwa nalia. Mtoto wangu alikuwa amekufa tumboni."

Dada alinyoosha mikono yote miwili. "Njoo ulie hapa, mwanangu. Nisamehe. Polepole tu, utanimwagia viazi."

Kwa siku nane hawakuachana. Dada Dobrila alifariki asubuhi ya tarehe 17 Februari 2016, mkono wake ukiwa mkononi mwa Perina.

Ameacha binti yake Perina, mimi mdogo wake, mke wangu Nevenka, na majirani wa mtaa wetu.

Upepo wa kusini unavuma tangu juzi, kwa hiyo tumwambie kwa mdomo kama alivyotaka: dada, tunalia. Hakuna anayekucheka. Lala, kichwa kisikuume tena.