Lunette ya Bokilo

Kando ya barabara ya Bangboka, pale Mama Fortunée anapouzia kahawa, kuna benchi ya watu wenye kujua kila kitu. Asubuhi ile Hubert, wanayemwita Colonel ingawa jeshi alilionea barabarani tu, alifika na jasho. Mvua ilikuwa imepita kwenye tobo ya bati yake ikalowesha lunette, ile darubini ya bunduki ya kuwindia. Na haikuwa yake. Bokilo yake, yaani baba mkwe, Papa Ruphin, alikuwa amemchukua binti yake Wivine, mke wa Hubert, kumrudisha nyumbani kwake, akamwachia lunette: “Unichungie. Nikirudi kutoka Yangambi, nitaona kama unajua kuchunga kitu.” Na alikuwa anarudi siku ile ile.

— Ndani iko na maji? aliuliza Dady, mubeba watu kwa baiskeli.

— Hapana. Iko clair, safi.

— Basi kunywa kahawa, Mama Fortunée alisema.

Lakini Ezéchiel, fundi wa redio wanayemwita Ingénieur, alikuwa amekwisha kusoma maandishi ya pembeni ya lunette.

— Donc, ndani kuna azote. Gaz kavu. Na huku kamba ya caoutchouc, ya mpira, inafunga mulango. Maji haiingie, ukungu haizaliwe.

— Azote? Mbusa wa duka alicheka. Ile ni mbolea! Ba-agronome ya Yangambi wanatia ku mahindi. Mule ndani ya lunette kuna unga inakunywa maji. Ikishiba, kwisha!

— Wewe uza chumvi, Ingénieur alisema, gaz utuachie.

— Tupime, Dady alisema, akavuta beseni yake ya maji ya kupimia chambre à air, mipira ya ndani ya tairi.

Wakaizamisha. Povu, hata moja haikutoka.

— Mumeona? Hubert alishusha pumzi.

— Bon, Ingénieur alisema pole pole. Chambre à air yenye haitoe povu, iko muzima. Ama iko tupu.

Hubert akawaza: Je, kama gaz ilikwisha kutoka? Akasema mwenyewe:

— Fungua.

Ingénieur akazungusha kifuniko. Fsss!

— Gaz ilikuwamo! Dady alipiga makofi. Colonel, félicitations!

Wakaifunga haraka, wakaizamisha tena katika maji baridi, kwa kuhakikisha. Walipoitoa, ukungu mweupe ulikuwa umelala ndani ya kioo.

— Unga imeshiba, alisema Mbusa.

— Nitaipiga pompe, Dady alisema. Hewa ni hewa.

— Hewa ya Kisangani, ile ya unyevu? Mama Fortunée aliuliza. Yenye inalizaka hata chumvi ya Mbusa?

Papa Ruphin akatokea, mfuko begani. Akasalimu wote, akaweka lunette jichoni. Akaifuta na shati. Akatazama. Akaifuta tena.

— Muliifungua?

— Ndiyo, papa, Hubert alisema.

— Ilikuwa na shida gani?

Ingénieur akatafuta kitu ndani ya kikombe. Mbusa akakumbuka kwamba duka iko wazi. Hubert akashika beseni, akamwaga maji.

— Siku nilikuja kuchukua Wivine, Papa Ruphin alisema, nilikuuliza vile vile: iko na shida gani? Na ulinyamaza vile vile.