Zamu ya Mama Philomène

Wapendwa waombolezaji, dada yetu Mama Philomène Ngalula alizaliwa Kambove tarehe 14 Mei 1968, mtoto wa tatu wa baba aliyetoka Kasai kufuata kazi ya mgodi, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha akajifunza ushonaji hapa Likasi, na tangu mwaka 1988 cherehani yake ndiyo iliyoivalisha kwaya ya parokia, na ole wake aliyethubutu kumharakisha!

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu François, mfanyakazi wa machimbo ya Kakontwe, Mungu akawajalia Dan, Élise na Shekina.

Mwaka 2004 François alipoteza kazi, vyombo vya nyumba vikauzwa kimoja kimoja, na tangu hapo, kila zamu ya sala ya jumuiya ya Jumatano, inayozunguka nyumba kwa nyumba, ilipofika kwao, François alifunga mlango akaondoka, watu wakasema huyu hamtaki Mungu. Dada yetu alisali katika nyumba za wenzake, akauguza wagonjwa wao, akapeleka chakula kwa wafungwa wa Buluo, lakini aliumia, maana alitamani jumuiya yake isali angalau mara moja chini ya paa lake.

Februari 2025 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, asiweze tena kutembea, ndipo Mama Numbi, kiongozi wa jumuiya, mwanamke asiyezungusha maneno, alipomuuliza François kwa nini anamnyima mkewe sala, naye akajibu akitazama chini: “Mama, miye niko na haya, mu nyumba hamuna hata kiti.” Lo, miaka yote hiyo, kumbe ni haya tu! Jumatano iliyofuata wanajumuiya walipita barabarani na viti vichwani, hata mzee Floribert na fimbo yake alibeba kigoda, wakaingia, wakasali, na dada yetu akalia na kucheka kwa pamoja.

Walirudi kila wiki, mpaka alipotuaga Jumanne tarehe 3 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotuchotea maji, na washonaji wenzake waliomaliza sare alizoziacha mezani.

Mwisho, François, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisali kwa sauti, ametutuma tuwatangazie kwamba Jumatano ijayo sala ni nyumbani kwake, na ataiongoza yeye mwenyewe.

Pumzika kwa amani, dada, sisi tutamwitikia.