Bwana Kipimo, Mkaguzi wa Mto

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, ukingoni mwa mto, akiwa kifungua mimba wa baba fundi mitambo na mama mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba mwanawe alijua kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Vifungo vilimpa taabu hadi uzeeni.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na daraja, akamaliza sekondari mwaka 1975. Walimu walimpenda kwa hesabu, wakamchoka kwa ubishi. Akisema jambo ni hivi, hata ungemletea mkuu wa shule, harudi nyuma.

Alianza kazi kiwandani kama baba yake. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, aliajiriwa na chama cha wavuvi wa ndoano kuwa mkaguzi wa mto. Alikagua vibali na kuwapima samaki kwa ubao wake: asiyefika alama, arudishwe majini. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Bwana Kipimo. Aliwapima samaki wa hakimu, wa daktari wake, na wa shemeji yake, ambaye alimnunia miaka miwili. Kabla ya kumshika samaki alilowesha mikono, kwani mkono mkavu humtoa ute unaomkinga.

Mkewe alimpata zahanati mwaka 1990, alipompeleka mvuvi aliyenaswa na ndoano sikioni. Muuguzi alimtazama mgonjwa, akautazama ubao.

“Huyu ametimiza kipimo, au tumrudishe majini?”

Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Walifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1991, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 mvua zilikatika, mto ukapungua na maji yakawa vuguvugu. Asubuhi moja aliitwa kwenye chujio la bomba la maji ya mji. Samaki wa asili walikuwa wamejazana pale, wamekufa, midomo ina matundu ya ndoano. Walikuwa walewale waliorudishwa kwa amri yake. Maji yakipata joto hewa hupungua, na samaki aliyechoshwa na mshipi hapati tena nguvu. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, “Mama watoto, nimewaua mwenyewe, ubao mkononi.” Tangu siku hiyo hakuvua tena.

Alikiomba chama kiufunge mto kabisa katika miezi mitatu ya joto, kila mwaka, hata kwa wanaovua na kurudisha.

“Lakini wakirudishwa si wanaondoka wanaogelea?” mwenyekiti alimuuliza.

“Wanaondoka, ndiyo. Hawafiki.”

Walimsikiliza, wakampa chai, wakaendelea kuuza vibali. Aliomba tena kila mwaka hadi walipomstaafisha mwaka 2016, na baada ya hapo aliomba akiwa mtu wa nje. Wenzake wa zamani walikuwa wakimwona wanavuka barabara. Ilimuuma, tusifichane, na mkewe ilimuuma zaidi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alisafishwa damu kwa uvumilivu, akiwatania wauguzi kwamba naye sasa yuko kwenye chujio. Binti mkubwa alipokuja kumwona, swali lilikuwa moja tu: maji yakoje? Binti alikuwa akipita darajani na kutia mkono mtoni, na maji yalikuwa ya moto. Alimjibu, “Ya baridi, baba.” Hakuna katika familia anayemlaumu.

Alizidiwa Jumatatu. Alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, aliuliza tena, akajibiwa vilevile. Akasema, “Basi watafika,” akafumba macho. Alikufa kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na dada yake anayewasomea haya.

Mwenyekiti ametuarifu kwamba leo, kwa heshima ya marehemu, hakuna atakayetupa ndoano mtoni. Familia inashukuru. Ila heshima hiyo yeye hakuiomba. Aliomba miezi mitatu, na aliwaombea samaki. Kesho asubuhi dirisha la vibali litafunguliwa kama kawaida, na joto bado halijaisha.

Apumzike sasa kwa amani, maana alikuwa amechoka.