Chupa Isiyoonjwa

Mheshimiwa Burugumesta, kiongozi wa wilaya yetu, Daktari Mkuu wa hospitali yetu, Padri, ndugu wazazi mliotoka Rugerero na Kanzenze katika siku hizi ambazo kila safari inaombewa, na ninyi wahitimu wangu, ambao leo kwa mara ya kwanza nawaona bila barakoa: nawasalimu nyote.

Kwa msionijua, mimi ni Mukarugwiza, mfamasia, niliyerudi kutoka Mwanza. Kwa mwaka mzima nimewafundisha vijana hawa kutengeneza seramu, yaani yale maji ya chumvi anayotiwa mshipani mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka. Niliwaoshesha mikono hadi wakaichukia sabuni. Cansilde alikata kucha alizofuga kwa ajili ya harusi yake, na bado hajanisamehe. Leo nilitaka kuwasifu tu. Lakini hapa mezani naona pamewekwa chupa yetu moja, na pembeni yake bilauri, na najua kwa nini.

Mheshimiwa Burugumesta, umeomba chupa hiyo ifunguliwe, na Evode aliyeitengeneza ainywe mbele ya watu, kama mwenye nyumba anavyoonja pombe kabla ya kumpa mgeni. Nimekuheshimu siku zote. Leo nakataa.

Kilichotokea wiki iliyopita mnakijua, ila wengi mmekisikia kwa uongo. Phocas, huyu aliyekaa karibu na mlango, alimleta mkewe Nyirasafari akiwa hoi. Muuguzi akachukua chupa. Phocas akauliza, "Nani alitengeneza hii?" Akaambiwa ni Evode, yule aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma, walikokimbilia pia wauaji. "Anywe kwanza, mi nione." Nani kati yetu atamlaumu? Baada ya yote tuliyoyapitia, nani hapa anapokea kinywaji bila kutazama mkono unaompa? Evode akaitwa kutoka maabara, akaja na Cansilde; naye, kijana aliyelelewa vizuri, akafungua, akapiga funda moja, kisha kwa mikono miwili akamrudishia muuguzi chupa ileile, maana ndivyo mgeni anavyokaribishwa. Cansilde akamnyang'anya muuguzi chupa, akaimwaga yote sakafuni.

Alifanya sawa kabisa. Chupa ikishafunguliwa, mate na pumzi ya mtu vinaingia, na vijidudu ambavyo tumboni vingekufa, mshipani vinakwenda moja kwa moja kwenye damu. Lakini Phocas aliona nini? Aliona watu wakimwaga. "Bon, muliona? Iko sumu!" Akambeba mkewe. Chupa nyingine ilikuwepo, nzima, imefungwa; hakutaka hata kusikia habari zake. Nyirasafari alifia barabarani kabla ya kufika Rugerero.

Phocas, ndugu yangu, pole. Naisema mbele ya watu wote, na inaniuma.

Tangu siku hiyo wagonjwa wanakaa nje ya lango wakikataa seramu, na wapo wanaodai Evode afukuzwe. Kwa kosa gani? Kwa kumheshimu mgonjwa kama mgeni? Na tukionja leo, Mheshimiwa, kesho kila familia itadai kuonjewa, na kila chupa itakayoonjwa itakuwa imeharibika. Tena ulimi wa Evode utatuambia nini? Kijidudu hakina ladha. Mnaotaka kuhakikisha, njooni kwenye dirisha letu la kioo mtutazame tukijaza, tukipika kwa mvuke, tukiinua kila chupa kwenye mwanga kutafuta uchafu. Njooni na mashaka yenu yote. Phocas, ukiweza, njoo wewe wa kwanza.

Evode, simama uje uchukue cheti chako. Tembea, baba, usiangalie chini.

Wengine mmeniona tangu asubuhi nikitazama mlango, mkanong'ona kwamba Mukarugwiza anaogopa. Kweli, naogopa sana. Binti yangu Belise amelazwa tangu jana jioni kwa kipindupindu. Walipomletea seramu, nilisoma kwenye kibandiko jina la aliyeitengeneza: Evode. Nikaiinua kwenye mwanga, nikamwambia muuguzi aitundike. Sikuionja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza hadi hapa. Sasa niruhusuni nirudi wodini.